Tairi limepasuka, spea hakuna, na nyuma nimembeba mjomba wangu marehemu

Wakuu, hodi humu jukwaani. Walio wakubwa zangu shikamooni, wa rika langu salaam aleikum, na wengine wote habari zenu.

Mimi ni yule wa kusoma nyuzi za watu na kupita kimya. Leo nimejikuta naandika kwa sababu jambo hili limekaa kifuani na halitaki kutoka. Majina ya watu nimeyabadilisha, maana Kinondo ni padogo na sote tunajuana. Mengine yote ni kama yalivyotokea. Nikiongeza chumvi, Mola ananiona.

Kazi yangu ni kutengeneza AC za nyumba za wageni, kuanzia Diani mpaka Galu. Naishi Ukunda na familia. Mwaka huu nikajikaza nikanunua gari, lile la watu saba lenye mlango wa kusukuma, mitumba ya Japani, kutoka kwa jamaa mmoja wa Mombasa.

Nilikagua injini. Nikakagua gia. AC niliiwasha mara tatu, fundi nisijue AC ya gari langu mwenyewe? Nyuma nilifungua, nikaona zulia safi, nikafunga.

Hapo ndipo nilipokosea wakuu, na sikujua.

Sasa tuje kwenye siku yenyewe.

Mjomba wangu Hamisi, kaka yake mamangu, alikuwa amelazwa Msambweni. Alfajiri simu ikalia, ni binamu yangu Swalehe, mwanawe wa pekee wa kiume. Hakusema mengi. Alisema tu, "Baba ametangulia."

Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun.

Gari la msikiti linalobeba maiti lilikuwa limeshatoka asubuhi ile kwenda kwenye msiba mwingine huko Matuga. Nikamwambia Swalehe, usihangaike, nina gari. Nikakunja viti vyote vya nyuma, nikapitia msikitini Kinondo nikachukua jeneza, lile la mbao la kubebea maiti, nikashika njia ya Msambweni.

Tukamwosha mjomba kule kule, tukamvisha sanda, tukamfunika kwa kitambaa cha kijani. Mpango ulikuwa mwepesi: tufike msikitini kabla ya Alasiri, watu waswali, tumswalie maiti, tukazike. Kaburi limeshachimbwa. Watu wanangoja.

Jeneza lilikuwa refu kuliko nafasi ya nyuma. Nikaacha mlango wa nyuma wazi kidogo, nikaufunga kwa kamba. Swalehe akakaa chini kabisa, kichwani kwa babake, anasoma Yasin kwa sauti ya chini. Mimi mbele peke yangu nimeshika usukani kama nimebeba mayai.

Lami ya Gazi tukaimaliza salama. Mwabungo tukapita. Tukakata kulia kuingia barabara ya vumbi ya Kinondo.

Wanaoijua barabara ile wanajua. Mvua zikishapita, mawe ya matumbawe yanatokeza chini kama meno. Unakwepa hili unaangukia lile. Nilikuwa naenda mwendo wa konokono, Wallahi, mtu wa miguu angenipita.

Nikasikia PAA!

Si psss ya pancha ya msumari. Paa, kama bunduki. Gari likalala upande wa kushoto nyuma, na jeneza likateleza kidogo. Swalehe akapiga kelele, "Baba!" Akalidaka kwa mikono yote miwili.

Wakuu, nilishuka nikazunguka nyuma. Tairi la nyuma lilikuwa limechanika ubavuni, tundu ambalo mkono wangu uliingia mpaka kwenye kifundo. Jiwe lenyewe lilikuwa pale pale limesimama, halina hata alama.

Nikamwambia Swalehe, "Usijali. Tunabadilisha, dakika chache tu."

Lakini spea iko chini ya sakafu ya nyuma, na juu ya sakafu ile amelala mjomba.

Ikabidi tumtoe. Mimi na Swalehe, wawili tu, tukaifungua ile kamba, tukalivuta jeneza taratibu, tukaliweka kwenye majani kando ya njia, chini ya kivuli cha mkorosho. Swalehe akavua koti lake akalitandika juu, upande wa jua. Sitasahau jinsi alivyolinyoosha lile koti, kama anamfunika mtoto aliyelala.

Nikarudi garini mbio. Nikainua zulia. Nikainua ule ubao ulio chini ya zulia.

Hakuna tairi.

Nasema hakuna. Kulikuwa na sponji nyeupe iliyochongwa vishimo. Kishimo kimoja kina pampu ndogo ya kuchomeka kwenye kiwashio cha sigara cha gari. Kingine kina chupa ya gundi yenye maandishi ya Kijapani. Kingine kina jeki na spana ya nati.

Jeki bila spea, wakuu. Sahani bila wali.

Nikaitikisa ile chupa. Imeganda ndani, inalia kama kokwa. Na hata ingekuwa mbichi, gundi ile ni ya tundu la msumari kwenye uso wa tairi. Ubavu ukichanika haizibi kitu.

Nikachungulia chini ya gari, labda imefungwa huko. Hakuna. Nikainua sponji. Hakuna. Nikatazama tena pale pale nilipokwisha kutazama.

Swalehe akauliza, "Vipi?"

Nikairudisha sponji mahali pake. Mtu ametolewa garini akiwa maiti, amelazwa kwenye majani, kwa ajili ya spea ambayo haipo. Utasemaje?

"Swalehe," nikasema, "gari hili halina spea."

Aliniangalia tu. Hakunitukana. Heri angenitukana.

Najua kuna mkuu atadandia hapo chini aulize kwa nini sikuita gari la kuvuta. Mkuu wangu, tulia. Kwanza lingetoka Ukunda. Pili, gari likivutwa mjomba anakwenda wapi? Anavutwa naye?

Nilipiga simu kila niliyemjua. Rafiki yangu mwenye pikapu alikuwa kwenye foleni ya feri Likoni, upande wa Mombasa. Mwingine hakushika. Nikampata muadhini wa Kinondo, netiweki inakatikakatika, nikamweleza tumekwama. Akasema atawaambia watu waje kutulaki kwa miguu. Lakini kwa njia ya kuzunguka, kutoka msikitini mpaka pale tulipokuwa, ni mwendo hasa. Na jua lile la mchana mnalijua.

Tuktuk ikapita. Dereva akashuka, akatoa pole, akapima jeneza kwa macho, akatikisa kichwa. Lisingeingia.

Kisha akapita mtu wa bodaboda. Yeye hakukaa kutuangalia. Aliuliza, "Gurudumu la namna gani?" Nikamwonyesha. Akasema, "Naenda kuulizia nyumba zenye magari." Akaondoka na vumbi lake.

Hapa lazima nipumzike kidogo niwaeleze kitu, ndiyo mtaelewa kilichofuata.

Mjomba Hamisi, Mungu amrehemu, alikuwa mtu wa ulimi. Akikupenda anakutukana, akikuchukia anakutukana zaidi. Na mtu aliyegombana naye kuliko wote ni jirani yake, Mzee Bakari.

Mashamba yao yanapakana. Walikua pamoja, walitahiriwa jando moja, waliozwa mwaka mmoja. Kisha wapima ardhi wakaja, mpaka ukasogea, na minazi miwili ikajikuta upande wa mjomba. Mjomba akaikata yote miwili siku ile ile. Minazi iliyopandwa na babake Bakari.

Bakari naye akajibu. Kulikuwa na njia ya miguu iliyopita shambani kwake, kutoka barabara ya vumbi mpaka nyuma ya msikiti, karibu na nyumba ya mjomba. Njia ya tangu enzi za mababu. Akaifunga kwa seng'enge, nyaya za miba, nguzo kwa nguzo.

Miaka ikapita. Idi inakuja, Idi inaondoka, hawapeani mkono. Wakikutana msikitini mmoja anakaa safu ya mbele kulia, mwingine mwisho kushoto. Chifu alichoka nao.

Na juu ya hayo kuna jambo la karibuni. Mjomba alipozidiwa, mwezi mmoja kabla ya kufa, Swalehe alimtoa nyumbani kwenye toroli la kubebea mawe, kwa sababu hangeweza kukaa kwenye boda. Akamsukuma kwa njia ya kuzunguka mpaka barabarani, mzee anagumia kila jiwe. Ingekuwa ile njia ya mkato iko wazi, wangefika upesi.

Swalehe hakusahau. Alikuwa akisema waziwazi, "Baba akifa, yule mzee asikanyage mazikoni kwetu."

Sasa tuendelee.

Tuko pale chini ya mkorosho. Mimi nimeshainua gari kwa jeki na kufungua lile gurudumu lililochanika, si kwa kuwa nina la kuweka, bali mikono ilikuwa haitaki kukaa bure. Swalehe anapunga nzi kwa kofia yake.

Nikaona kitu kinakuja barabarani kwa mbali. Nilidhani ni mtoto anacheza na gurudumu.

Kikakaribia. Si mtoto. Ni mzee aliyevaa kanzu nyeupe ameikunja mpaka magotini, anasukuma gurudumu zima la gari, tairi na rimu yake, analiviringisha kwa viganja. Likigonga jiwe linamkimbia, analifuata, analisimamisha, anasukuma tena. Peke yake. Na jua lile.

Mzee Bakari.

Nikamtazama Swalehe, naye ameshamwona. Uso ulimbadilika.

Mzee akafika. Alikuwa anahema kiasi kwamba hakuweza kusema mwanzo. Kanzu imejaa vumbi jekundu na alama nyeusi za tairi.

"Salaam aleikum," akasema.

Nikaitikia mimi. Swalehe hakuitikia.

"Mtu wa boda amepita kwangu," akaniambia. "Pikapu yangu haina gia, iko kwa fundi Mombasa hiyo gia. Lakini magurudumu ni mazima. Nimelifungua hili. Litie."

Fikirieni wakuu. Mzee wa umri ule ameingia chini ya pikapu, ameiinua kwa jeki, amefungua nati, halafu ameliviringisha gurudumu barabara nzima ile. Kwa ajili ya mtu ambaye hakumpa mkono kwa miaka.

Swalehe akasimama. "Rudi nalo," akasema.

Nikamwambia, "Swalehe, tafadhali."

"Nimesema arudi nalo. Tutangoja watu wa msikitini."

Mzee Bakari akamtazama. Nilitegemea aseme neno la busara, la kutuliza. Hakusema. Alisema kwa hasira, kama alivyokuwa akisema na mjomba: "Sikukuletea wewe! Nimemletea Hamisi. Wewe keti!"

Akanigeukia. "Litie, unangoja nini?"

Nikalinyanyua. Nikalipeleka kwenye ekseli. Nikalisogeza huku, nikalizungusha kule. Haliingii. Nikaliweka chini nikalitazama.

Gari langu lina nati tano. Gurudumu la pikapu lina matundu sita.

Nililigeuza tu ili aone. Mzee akainama, akatia kidole tundu moja baada ya jingine.

"Sita," akasema.

Mimi machozi yalinitoka hapo, sioni haya kusema. Sikulia asubuhi nilipopata simu, sikulia wakati wa kumwosha. Nililia kwa sababu ya tundu moja la ziada kwenye rimu.

Mzee Bakari akalisukuma lile gurudumu kwenye majani likaanguka. Akajifuta mikono kwenye kanzu. Akaenda mpaka kwenye jeneza, akachuchumaa miguuni pa mjomba.

"Basi tumbebe," akasema.

Swalehe akasema, "Wewe humgusi."

"Pikapu ungeikataa, sawa. Gurudumu ulikatae, sawa," mzee akamjibu, safari hii sauti imeshuka. "Lakini kumbeba maiti wa Kiislamu si ruhusa yako kunipa wala kuninyima. Ni haki yake yeye juu yangu. Shika huko mbele."

Swalehe akavaa kofia yake. Kisha akainama akashika mbele.

Watatu tu jeneza halibebeki vizuri, linapinda. Tulipiga hatua chache, tukalitua. Yule dereva wa tuktuk hakuwa ameondoka, alikuwa ameegesha mbele kidogo akisitasita. Akaja akashika pembe ya nne. Tukaenda.

Na hapa ndipo nilipoanza kushangaa kushangaa kwenyewe.

Kuna nyumba inajengwa kando ya barabara ile, moja ya hizi za wageni za ghorofa. Mafundi waliacha koleo na karai, wakaja kusimama njiani. Wengi wao ni watu wa bara. Mmoja wao, fundi wa mawe mwenye mwili, simenti mpaka kwenye kope, akaniuliza kwa heshima kabisa, "Bro, pole sana. Tunaweza saidia kubeba, ama dini yenu hairuhusu?"

Kabla sijafungua mdomo Mzee Bakari akamjibu bila kugeuza kichwa: "Una bega? Basi ingia."

Akaingia. Na wenzake. Wanapokezana, huyu anatoka yule anaingia, jeneza halitui chini. Sisi tunasoma La ilaha illa Allah, wao wamevua kofia zao za kazi wanatembea kimya. Mama muuza mihogo akaacha kikaango chake akasimama amejifunika kanga mpaka kichwani. Yule wa boda akarudi, akatutangulia na pikipiki mwendo wa miguu, anasimamisha tuktuk zinazokuja.

Hakuna aliyeuliza aliyekufa ni nani.

Mara Mzee Bakari akainua mkono. "Simameni."

Tukasimama. Kushoto kwetu ni shamba lake. Seng'enge iko pale, imeota kutu, nguzo zimeegemeana, na mitambaazi imepanda juu yake. Ukitazama kwa makini unaiona bado ile njia ya zamani ndani, imezama kidogo ardhini.

"Tupite hapa," akasema. "Alasiri iko karibu."

Wale wa pale wanaoijua habari walitazamana. Hakuna aliyesogea.

Yeye akasogea. Akakamata waya kwa mikono mitupu akaanza kuuvuta. Hana koleo, hana panga. Anavuta, waya unamrudia, anavuta. Yule fundi wa mawe akaniachia pembe yake ya jeneza, akaenda kung'oa nguzo. Nguzo ikatoka na udongo wake. Mzee anaendelea kukunjua waya na viganja vyake vinatoka damu, anajifutia kwenye kanzu, anashika tena.

Swalehe akasema, na kila mtu alisikia: "Leo ndiyo unaifungua? Mwezi uliopita alikuwa anapumua."

Wakuu, nilitamani ardhi inimeze.

Mzee akaacha kuvuta. Hakugeuka. Alikuwa ametupa mgongo, waya uko mkononi.

"Kweli," akasema.

Neno moja. Hakujitetea. Hakusema sikujua, hakusema babako naye alikata minazi yangu. Kisha akaendelea kuvuta mpaka mwanya ukawa wa kupita jeneza na watu pande mbili.

Tukapita.

Katikati ya shamba tukakutana na watu wa msikitini. Waliposikia tunapita kwa Bakari hawakuamini, wakakatiza kuja kuona kwa macho yao. Wazee wengine walisimama pale wameshika fimbo zao, midomo wazi. Kisha wote wakaingia chini ya jeneza na mimi nikatolewa, bega langu limekufa ganzi.

Alasiri tuliiwahi. Tukamswalia mjomba, tukaenda makaburini.

Kwetu wanaoingia kaburini kumpokea maiti ni watu wake wa karibu. Swalehe akashuka. Mimi nikashuka. Anatakiwa wa tatu. Kuna binamu mwingine alikuwa ameshavua viatu.

Swalehe, tumesimama mle chini, udongo mpaka kifuani, akainua macho akawapitia watu waliosimama juu. Akamwona Mzee Bakari nyuma kabisa, amejitenga, mikono ameificha ndani ya kanzu.

"Ami," akaita.

Watu wakageuka kutafuta anayeitwa. Ami ni ndugu wa babako. Mjomba hakuwa na ndugu wa kiume aliye hai.

"Ami Bakari. Shuka umpokee."

Mzee alitikisa kichwa. Akasema magoti yake hayawezi kuteremka. Nadhani si magoti.

"Tutakushika," Swalehe akasema.

Wakamshika makwapani kule juu, sisi tukamshika miguu huku chini, tukamteremsha. Mjomba akaletwa. Mzee Bakari akapokea upande wa kichwa. Tulipomgeuza kuelekea Qibla, niliona alama za vidole vyake zimebaki kwenye sanda, nyekundu. Akataka kuzifuta, Swalehe akamzuia mkono. "Ziache."

Tukafukia.

Gari je? Nalijua swali linakuja. Nililisahau kabisa, wakuu. Nilikumbuka wakati watu wanatoka makaburini kwamba gari limebaki juu ya jeki, limekosa gurudumu, mlango wa nyuma wazi na ufunguo uko ndani. Na vifaa vyangu vyote vya kazi viko chini ya kiti.

Nikakimbia. Nikakuta mtu, sijui nani mpaka leo, ameweka mawe makubwa chini ya ekseli lisianguke, amefunga mlango, na wawili wa wale mafundi wa ujenzi wamekaa pale wanalilinda wakila mihogo. Haikupotea hata skrubu. Fundi wa tairi kutoka Ukunda akaja kesho yake kwa boda, tairi la mitumba mapajani, akalivalisha kwenye rimu yangu pale pale, nikaondoka.

Gurudumu la Mzee Bakari nililirudisha mwenyewe, kwa gari safari hii. Nililifunga nati zote kwenye pikapu yake. Alisimama akinitazama na bandeji viganjani, akaniambia, "Na wewe ununue spea, mjinga wewe." Nikacheka, kwa mara ya kwanza tangu msiba.

Mafunzo sasa.

La kwanza ni la gari. Magari mengi ya siku hizi yanakuja bila spea, na muuzaji hakwambii kwa sababu hukumuuliza. Usiridhike kuona zulia. Inua, tia mkono, shika mpira. Kama umekuta pampu na chupa ya gundi, tazama kama gundi haijakauka, na ujue haifai kitu ubavu ukichanika. Ukinunua spea, hesabu matundu ya nati na upime ukubwa kabla hujalipa. Gurudumu la jirani huenda lisikuingie hata akuletee kwa mapenzi yote. Na kama unabeba mzigo usioweza kushushwa, weka spea mahali unapoifikia bila kuushusha.

La pili sijui hata nilisemeje. Mimi nilikuwa najiona nawajua watu wa kwetu, nani rafiki wa nani, nani adui wa nani. Siku ile sikumjua mtu hata mmoja.

Sasa nahitaji mawazo yenu. Ile njia mpaka leo iko wazi, Mzee Bakari ameviringisha waya wote akauweka nyuma ya banda la mbuzi. Watu wote wanapita. Wanawake na ndoo, watoto wa shule, hata imamu. Isipokuwa Swalehe. Yeye bado anazunguka kwa barabara, kwa ile njia aliyomsukuma babake kwenye toroli.

Juzi nilimuuliza, "Si ulimwita ami mbele ya watu wote?"

Akanijibu, "Nilimwita kwa ajili ya baba. Kwa ajili yangu bado."

Nimsukume, au nimwache mpaka mwenyewe apite? Wenye busara na waliowahi kuyapitia haya, nawasubiri hapo chini.